Harmonika ya C haitakupa "Juke": jinsi Little Walter alivyosimama peke yake, na pa kuanzia wewe

Swali la msomaji, kwa ufupi: ana harmonika ya matundu 10 yenye herufi C pembeni, na anajaribu kuifuatisha rekodi ya "Juke" ya Little Walter, mpiga harmonika wa bluzi wa Chicago. Hailingani hata kidogo, na sauti yake ni nyembamba kama filimbi ya mtoto. Yeye ni mwimbaji na mtunzi, na amesikia kwamba Walter alitoka kwenye bendi ya mwimbaji wa bluzi Muddy Waters akafanikiwa kwa jina lake mwenyewe. Anauliza alifanyaje, na yeye aanzie wapi.

Nianze na kutolingana, maana hilo lina jibu la sekunde tano. "Juke" iko kwenye kii (noti ambayo ni nyumbani kwa wimbo) ya E na imepigwa kwa harmonika ya A. Wewe una C. Ukipuliza C yako juu ya rekodi ya E, hata Walter mwenyewe angesikika kama anakosea.

Kwa nini A kwenye wimbo wa E? Harmonika hizi ziliundwa Ujerumani kwa nyimbo za kienyeji za huko. Ukipuliza harmonika ya C unapata kodi ya C (si ile ya serikali, ni noti kadhaa zinazolia pamoja), na ukivuta hewa kwenye matundu 1 hadi 4 unapata kodi ya G. Wapigaji weusi wa kusini mwa Marekani waligundua kwamba noti za kuvuta ndizo zinazopindika vizuri upande wa chini. Wakaufanya upande wa kuvuta kuwa nyumbani. Hii ndiyo nafasi ya pili: harmonika ya C inapiga wimbo wa G, ya A inapiga wa E, ya D inapiga wa A, ya B bemoli (B iliyoshushwa nusu sauti) inapiga wa F, na ya G inapiga wa D. Hesabu yake ni nyepesi: kutoka kii ya wimbo panda noti nne, ukianza kuihesabu yenyewe. G, A, B, C. Nyimbo nyingi za Walter ziko hapo. Ameshika pia ile kubwa ya kromatiki yenye kitufe pembeni, "Lights Out" ya 1953 ni mfano, lakini hiyo iache kwa sasa.

Kwa hiyo usiitupe C yako. Itumie kwenye nyimbo za G, na ukitaka kufuatisha "Juke" tafuta ya A.

Sasa habari ya mtu mwenyewe. Marion Walter Jacobs alizaliwa Marksville, Louisiana, akaacha shule na kuanza kuzurura na harmonika yake akiwa na miaka kama 12. Alifika Chicago katikati ya miaka ya 1940 na kupiga barabarani kwenye soko la Maxwell Street. Humo sokoni kulikuwa na duka la santuri lenye lebo yake ndogo, Ora Nelle, nayo ikamrekodi mwaka 1947. Ukisikiliza sahani ile utamsikia kijana anayemfuata mpiga harmonika John Lee Williamson, yule Sonny Boy wa kwanza aliyefariki 1948, karibu hatua kwa hatua. Kisha akaingia kwa Muddy Waters. Mwaka 1951 harmonika yake ilirekodiwa ikipita kwenye amplifaya ("Country Boy" ya Muddy ni ya mwaka huo), na hapo ndipo sauti unayoitafuta ilipozaliwa kwenye santuri.

Tarehe 12 Mei 1952, Universal Recording, Chicago. Bendi ya Muddy iko studio, na Walter anapewa nafasi ya kurekodi kwa jina lake. Muddy na Jimmy Rogers wako kwenye magitaa, Elga Edmonds kwenye drams, besi hakuna. Wakapiga kipande cha ala tupu walichokuwa wakikitumia jukwaani. Lebo ya Checker, tawi la kampuni ya santuri ya Chess, ikakitoa kwa jina "Juke", na upande wa pili ikaweka "Can't Hold Out Much Longer", ambao Walter anaimba. "Juke" ilikaa namba 1 kwenye orodha ya R&B (muziki wa Wamarekani weusi) ya jarida la Billboard kwa wiki 8. Hakuna kibao kingine cha harmonika bila maneno kilichofika hapo.

Muddy na bendi walikuwa ziarani kusini wimbo ulipoanza kuvuma. Walter akawaacha njiani, akarudi Chicago. Na hapa ndipo penye somo kwa anayetaka kujitegemea: hakwenda kuokoteza wapigaji mmoja mmoja. Alichukua bendi iliyokwisha kuiva, The Aces, waliokuwa wakipiga na mpiga harmonika Junior Wells. Louis Myers gitaa. Ndugu yake Dave kwenye gitaa la pili, akishika mistari ya besi kwenye nyuzi nene. Na Fred Below kwenye drams, mtu aliyetokea kwenye jazi. Junior Wells akaenda kuziba pengo kwa Muddy. Ilikuwa kama kubadilishana viti. The Aces wakaitwa The Jukes, na kati ya 1952 na 1958 Walter akaingiza nyimbo 14 kwenye kumi bora za R&B. Muddy mwenyewe hakuwahi kufika namba 1. Wala hawakutengana kabisa: Walter aliendelea kumpigia Muddy studio, na harmonika unayoisikia kwenye "Hoochie Coochie Man" ya 1954 ni yake.

Kuhusu utunzi, picha ya "mwimbaji na mtunzi" kwa Walter ipunguze kidogo. Ametunga, na "Last Night" ni ushahidi wa kutosha. Lakini "Mean Old World" ilitoka kwa T-Bone Walker, "Key to the Highway" ilikuwa imekwisha kujulikana kabla yake, na namba 1 yake ya pili, "My Babe" ya 1955, iliandikwa na Willie Dixon juu ya umbo la wimbo wa kanisani. Utunzi wake mkubwa uko kwenye harmonika. Sikiliza "Juke" mzunguko kwa mzunguko: kila mzunguko una wazo lake moja, linasemwa, linarudiwa, linageuzwa kidogo, halafu linaachwa. Hayo ni mawazo ya mpiga saksafoni. Walter aliwasikiliza sana wapuliza saksafoni wa zama zake, Louis Jordan akiwemo, na ndiyo maana harmonika yake inazungumza kwa sentensi kamili badala ya kupiga kelele za treni.

Basi, mazoezi. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kipimo mipigo 4. Kwenye kii ya G: vipimo vinne vya G, viwili vya C, viwili vya G, kimoja cha D, kimoja cha C, viwili vya G. Kwa harmonika yako ya C, G ni kuvuta tundu la 2, C ni kupuliza tundu la 1 au la 4, D ni kuvuta tundu la 1 au la 4. Kabla hujagusa mapambo, piga noti hizo tatu tu mzunguko mzima, mguu ukigonga chini, mpaka usipotee. Wengi hupotea kipimo cha 9 kwa sababu hawahesabu, wanabahatisha kwa sikio.

Tundu la 2, kuvuta. Nakaa hapa kwa sababu ndipo karibu kila mwanafunzi anapokwama na kudhani kauziwa harmonika mbovu. Unavuta, noti inakwama, inalia kama mlango wenye kutu, au haitoki kabisa. Harmonika si mbovu. Umevuta kwa nguvu mno, huku ulimi umejaa mbele na mdomo ni mdogo ndani. Shusha taya kama unayetaka kupiga mwayo midomo ikiwa imefunga, vuta taratibu kutoka tumboni, kana kwamba unapumua tu na harmonika imejikuta njiani. Bana pua kwa vidole: sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inavujia puani, na hiyo ndiyo sababu ya wembamba unaoulalamikia. Midomo nayo ishike harmonika kwa ndani, pale penye unyevu. Ukiishika kwa ncha za midomo utapata filimbi milele.

Noti hiyo ikitoka nene, anza kupinda. Ndani ya kila tundu kuna ndimi mbili za shaba, moja ya kupuliza na moja ya kuvuta. Tundu la 2 lina E ya kupuliza na G ya kuvuta. Ukibadilisha nafasi ndani ya kinywa, ndimi hizo zinaanza kufanya kazi pamoja na sauti inashuka kwenye noti zilizo katikati yake: F kali (nusu sauti juu ya F), kisha F. Tundu la 3 ni G kwa B, kwa hiyo lina noti tatu za kupinda: B bemoli, A, na A bemoli. Tundu la 4 lina moja tu, D bemoli, na hapo ndipo pa kuanzia kwa kuwa ni rahisi. Irabu zetu za Kiswahili zinasaidia sana hapa. Vuta tundu la 4 ulimi ukiwa umekaa pa "i", halafu bila kuongeza nguvu uhamishie pa "u". Sauti itazama. Weka programu ya kupimia noti kwenye simu uone imeshuka nusu sauti kamili, maana sikio la mwanzoni huridhika mapema.

Tundu la 3 lina mtego wake. Likivutwa wazi linatoa B, ambayo ni tamu bendi ikiwa kwenye G. Bendi ikihamia C, B ileile inauma kama jino. Hapo ipinde nusu sauti iwe B bemoli. Ukisikia mtu anapiga bluzi na kitu fulani kinakukera lakini hujui ni nini, mara nyingi ni tundu hili kwenye kipimo cha 5.

Jambo lingine lisilosemwa mapema: nafasi ya pili ni ya kuvuta mno, kwa hiyo hutakosa pumzi, utajaa pumzi. Ikifika kipimo cha tatu kifua kinataka kupasuka. Toa hewa kwa pua kwenye kila mwanya, na fupisha sentensi zako ziwe za vipimo viwili.

Unene wa Walter unatokana pia na ulimi. Funika matundu matatu ya kushoto kwa ulimi, piga la nne kwa kona ya kulia ya mdomo, kisha uwe unanyanyua ulimi na kuurudisha ili kodi ipige kama kofi chini ya noti. Ukiacha uwazi pande zote mbili za ulimi unapata oktavu, yaani noti ileile moja chini na moja juu: vuta 1 na 4 kwa pamoja, zote ni D. Usijaribu kuvuta 2 na 5 ukitarajia oktavu. Hizo ni G na F, na zinakwaruzana (kukwaruzana huko kuna matumizi yake, ila kwa makusudi).

Na ile sauti ya umeme. Watu hununua amplifaya ya bei mbaya kabla ya kujifunza kushika maikrofoni. Zilizotumika zama zile zilikuwa maikrofoni za umbo la risasi, zenye impidansi (ukinzani wa umeme) kubwa, za kutangazia na za redio za mawasiliano, zikiingizwa kwenye amplifaya ndogo za valvu ambazo zikibanwa zinaanza kukoroma. Shika harmonika kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, maikrofoni ilale kwenye viganja nyuma yake, vidole vingine vizibe mianya yote. Ndani acha uwazi kama yai la kuku. Ukiisikia harmonika masikioni moja kwa moja badala ya kuisikia kwenye spika, kuna mwanya.

Amplifaya ya wati 5 hadi 15 inatosha ukumbi mdogo. Anza na sauti za juu kwenye 2, besi kwenye 7, ukubwa wa sauti kwenye 4. Ikipiga mluzi, usikimbilie kupunguza kila kitu: sogea pembeni ya spika, kisha punguza sauti za juu. Valvu ya kwanza ikiwa ya aina ya 12AX7, ibadili kwa ya aina ya 12AY7. Nguvu inapungua, na mluzi unachelewa. Kama una maikrofoni ya kawaida ya kuimbia, unahitaji transfoma ndogo ya kupandisha impidansi kabla ya kuichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, la sivyo utapata mnong'ono. Huna amplifaya kabisa? Ingia kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya ukumbi, kata eneo la kilohezi 2 hadi 4 linalochoma masikio, ongeza mwangwi mmoja mfupi wa milisekunde 120 hivi.

Aliyeko Pwani asinunue maikrofoni kuukuu zenye fuwele ya chumvi ya Rochelle, hata muuzaji aapeje. Chumvi hiyo hufa kwa joto na unyevunyevu. Tafuta ya sumaku. Na harmonika yenye mwili wa mbao huvimba ikilowa, ikakata midomo. Ya plastiki ndani ndiyo ya kwetu.

Sasa kuimba na kupiga, ambalo nadhani ndilo swali lako hasa. Mtu mwenye gitaa anaimba huku anapiga. Wewe huwezi: mdomo ni mmoja. Wengi huliona hili kuwa upungufu, wakajaza kila mwanya kwa harmonika mpaka msikilizaji anachoka. Walter aliligeuza kuwa umbo la wimbo. Sikiliza "Blues with a Feeling" ya 1953: sauti ya mtu inasema, inanyamaza, harmonika inajibu, kama fidla ya taarab inavyomngoja mwimbaji amalize mshororo.

Mistari ya bluzi ni mitatu, wa pili ukirudia wa kwanza, na kila mstari una vipimo vinne. Imba vipimo viwili, neno la mwisho litue mwanzoni mwa kipimo cha tatu, vuta pumzi kwa pua, kisha harmonika iingie kwenye mpigo wa pili au wa tatu wa kipimo hicho na imalize kabla ya mpigo wa mwisho wa kipimo cha nne. Mpigo huo wa mwisho ni wa kuondoa harmonika mdomoni na kujiandaa kuimba. Ukiula, mstari unaofuata utaanza kwa kuhema. Andika maneno mafupi basi. Mshororo wa mizani 16 kama wa shairi letu utaingia kwa shida kwenye vipimo viwili vya mwendo wa haraka. Mizani 8 hadi 11 inakaa vizuri, na Kiswahili kwa kuwa karibu kila silabi inaishia kwenye irabu kinaimbika bila kubanwa, mradi usisukume mkazo mahali pasipo pake: neno liwe na mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo iangukie mpigo mzito.

Chagua kii ya koo lako kwanza, ndipo ununue harmonika. Imba mstari wako wa juu kabisa bila ala, mwenye gitaa akutafutie kii, halafu panda noti nne. Ukiongeza, anza na A, kisha D au B bemoli. Za chini kama G hupindika kwa ulaini, ya F ni kali na ngumu. Jukwaani uwe na maikrofoni mbili: ya kuimbia kwenye stendi, ikienda kwenye mikisa, ya harmonika mkononi, ikienda kwenye amplifaya. Kuimba kwenye ile ya harmonika kunameza maneno.

Bendi yako ya kwanza isizidi watu watatu. Mwenye gitaa mmoja anayejua kushika besi kwenye nyuzi nene kama Dave Myers, na mpiga drams wa mdundo unaochechemea. Ukiwa peke yako kabisa, mfuate Rice Miller, Sonny Boy wa pili, aliyeweza kushikilia ukumbi kwa sauti, harmonika na mguu tu.

Walter mwenyewe hakudumu. Baada ya 1958 nyimbo zake hazikurudi kwenye kumi bora. Muziki wa vijana ulikuwa umebadilika, na pombe na ugomvi vilimla. Alizuru Ulaya mwaka 1964 na 1967, na akafariki Chicago tarehe 15 Februari 1968, baada ya kuumizwa katika ugomvi. Jina lake liliingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2008.

Ukiwa na nyimbo zako, zisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA ukiwa Tanzania au KECOBO ukiwa Kenya kabla ya kuzirusha: kumbuka "My Babe" aliivumisha Walter, lakini mtunzi kwenye lebo ni Dixon. Na baada ya kila mazoezi gonga harmonika kwenye kiganja, matundu yakiangalia chini, mate yatoke. Iache ikauke wazi nusu saa ndipo uifunge kwenye kasha lake.